Kujenga barabara ya moramu juu ya udongo wa mbuga, Tabora: mwongozo kamili

Barabara iliyojengwa juu ya mbuga, yaani udongo mweusi unaovimba na kupasuka, huanza kufa pembeni. Katikati, pale magurudumu yanapokanyaga kila siku, mara nyingi pako salama. Ufa wa kwanza unatokea begani, sambamba na mtaro, kisha unatambaa kuelekea katikati msimu hadi msimu mpaka malori yanaanza kuzama. Pamoja na hayo, mradi ukipata fedha kidogo, jambo la kwanza watu kulifikiria ni kuongeza unene wa moramu katikati. Bega linabaki jembamba, mtaro unachimbwa mguuni kabisa mwa tuta, na baada ya mvua mbili wote mnarudi mezani.

Ninawaandikia mafundi sanifu, wakandarasi wadogo, na viongozi wa vijiji wa Igunga, Nzega, Uyui na Sikonge ambao barabara yao lazima ikatize udongo mweusi. Hesabu ni za barabara ya vijijini ya magari machache kwa siku. Kama unajenga lami ya malori mazito, kanuni ni zilezile ila vipimo vya maabara vinakuwa vingi zaidi, na hapo mwite mhandisi wa vifaa kabla hujaita greda.

Ujue udongo uliosimama juu yake

Nchi ya Tabora inashuka polepole, na udongo unabadilika jinsi unavyoshuka. Juu kwenye miinuko ni mchanga, ule ambao Wasukuma wanauita luseni. Katikati ya mteremko unakutana na itogolo, udongo wa kijivu ulio mgumu kama sakafu wakati wa kiangazi na wenye utelezi mbaya wakati wa mvua. Chini bondeni ndipo ilipo mbuga yenyewe, nyeusi, nzito, yenye nyufa. Barabara moja ya kilomita nane inaweza kupita kwenye aina zote tatu, kwa hiyo usikubali mchoro mmoja wa tuta kwa njia nzima. Sehemu ya luseni haihitaji tuta la sentimita 60. Peleka fedha hiyo bondeni.

Kinachofanya mbuga iwe mbuga ni madini ya jamii ya smektaiti yaliyomo ndani ya mfinyanzi wake. Yamekaa kwa tabaka nyembamba mno zinazopokea maji katikati yake. Maji yakiingia, tabaka zinasukumana na udongo unavimba. Yakikauka, unasinyaa na kupasuka. Ukipita mbugani Oktoba, chukua fimbo nyembamba uitumbukize kwenye ufa: si ajabu ikazama yote mpaka mkononi. Ufa huo ndio mlango ambao maji ya Novemba yatapitia kwenda chini.

Ukishaweka tuta juu ya udongo huo, katikati ya barabara panafunikwa. Jua halipafikii, mvua haipafikii moja kwa moja, na baada ya misimu michache unyevu wake unatulia. Pembeni hapatulii kamwe: panavimba kila masika na kusinyaa kila kiangazi. Katikati pametulia, pembeni panapanda na kushuka, na barabara inapasuka pale pande hizo mbili zinapokutana. Kwa hiyo kazi yako kubwa mbugani ni kulinda unyevu usibadilikebadilike chini ya magurudumu. Nguvu ya udongo inakuja nyuma ya hilo.

Usinakili michoro ya nchi za baridi

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu michoro mingi tunayoipata mtandaoni imetoka Kanada, Finland na nchi nyingine za theluji. Kule pia wana udongo unaoinua barabara, lakini kwa sababu tofauti. Baridi inapopenya chini, maji yanavutwa kutoka udongo wa chini kupanda hadi kwenye tabaka linaloganda, yanajikusanya kuwa mapande ya barafu, na barabara inanyanyuka. Joto la majira ya kuchipua likirudi, barafu inayeyuka kuanzia juu huku chini bado kumeganda, maji yanakosa pa kwenda, na udongo unakuwa uji. Ndiyo maana baadhi ya nchi hizo hupunguza uzito wa malori unaoruhusiwa kwa wiki kadhaa katika kipindi hicho. Tena udongo unaowatesa zaidi ni ule wa vumbi laini na mfinyanzi wenye vumbi hilo, kwa sababu unapandisha maji haraka. Mfinyanzi mzito sana hupitisha maji polepole mno, hivyo hauongozi kwa ubaya huo.

Dawa yao ni kuchimba udongo mbaya na kuweka tabaka nene la kokoto safi linalokata njia ya maji kupanda, likiwa na mifereji ya kuyatoa. Kwao ni sahihi. Ukiileta hiyo Igunga, kwenye mbuga tambarare isiyo na mteremko wa kutolea maji, umechimba bwawa refu ukalijaza kokoto. Maji yanaingia pembeni, yanakaa humo, na mfinyanzi wa chini unakunywa mpaka Juni. Sisi tunahitaji kinyume chake: tuta lililo juu ya ardhi, lililojengwa kwa moramu yenye mfinyanzi kidogo, isiyopitisha maji kwa urahisi.

Hatua ya 1: Tembea njia mara mbili

Tabora ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia karibu na Novemba hadi Aprili. Tembea njia nzima Februari au Machi, halafu tena Septemba au Oktoba. Safari ya masika inakuonyesha maji yanatoka wapi na yanasimama wapi. Safari ya kiangazi inakuonyesha nyufa, na ndiyo wakati wa kuchimba mashimo ya sampuli. Atakayekuletea usanifu wa mbuga alioufanya kwa safari moja ya Agosti, mrudishie.

Katika safari ya masika, tafuta alama za maji: takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa matope kwenye mashina. Kisha uliza wenyeji, na uulize kwa tukio wanalolikumbuka. "Shikamoo babu. Zile mvua za El Niño, maji yalifika wapi hapa?" Wazee wengi wanazikumbuka mvua za 1997/98 na watakuonyesha kwa kidole mti au kichuguu. Piga hapo kigingi. Kigingi hicho kitakufaa kuliko wastani wowote wa mvua wa mkoa.

Hatua ya 2: Pima uvimbe

Maabara yenye vifaa itakupa kipimo cha usinyaaji na unyumbufu wa udongo. Kabla ya kulipia hayo, fanya hiki mwenyewe, ujue sehemu ipi ya njia ni mbuga ya kweli na ipi ni nyeusi kwa rangi tu.

Chukua udongo wa kina cha nusu mita, si wa juu. Ukaushe, uponde, upitishe kwenye chekecheo la maabara la milimita 0.425. Pima sentimita 10 za ujazo za unga huo uliolegea, umimine polepole kwenye silinda ya vipimo yenye mililita 100 za maji safi. Usitumie maji ya kisima, chumvi inaharibu kipimo. Maji ya kuongezea betri, yanayouzwa sheli, yanafaa. Hakikisha tu si tindikali. Koroga, acha saa 24, soma ujazo wa udongo uliotulia chini.

Ukisoma 21, uvimbe ni 21 toa 10, gawa kwa 10, yaani asilimia 110. Chini ya 50 mara chache utapata shida. Kuanzia 100 kwenda juu umeshika mbuga yenyewe, na hatua zote zinazofuata zinakuhusu. Katikati ya hapo, peleka sampuli maabara usikie wanasemaje.

Hatua ya 3: Pima nguvu, lakini usidanganywe na kiangazi

Kifaa rahisi cha kupimia nguvu shambani ni DCP: chuma chenye ncha ya koni, kinachogongwa na nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka milimita 575. Unahesabu kila pigo limeingia milimita ngapi, kisha unabadili kuwa CBR, namba inayoonyesha uwezo wa udongo kubeba mzigo. Kanuni inayotumika sana inatoa takriban hivi: milimita 10 kwa pigo ni CBR ya 26, milimita 30 ni CBR ya 8, milimita 50 ni karibu 5, milimita 80 ni karibu 3, na milimita 100 ni kidogo zaidi ya 2.

Sasa angalia mtego. Mbuga iliyokauka Septemba inaweza kukupa milimita 10 kwa pigo, na ukaandika kwenye ripoti kwamba udongo una CBR ya 26. Udongo huohuo Machi unaingia milimita 80. Mwongozo wa usanifu wa Wizara ya Ujenzi wa 1999 unagawa udongo wa chini katika madaraja ya S3, S7 na S15, kwa maana ya CBR ya kuanzia 3, 7 na 15. Kwa kipimo cha Septemba umeuweka udongo wako daraja la juu kabisa; kwa kipimo cha Machi haujafika hata daraja la chini. Kwenye mbuga sanifu kwa CBR ya maabara iliyolowekwa siku nne, au kwa DCP ya mwisho wa mvua. DCP ya kiangazi inafaa kulinganisha sehemu moja na nyingine, basi.

Hatua ya 4: Chagua kati ya kupita juu ya mafuriko na kuyapisha

Tuta linalokatiza mbuga ni bwawa, hata kama hukukusudia. Upande wa juu maji yanasimama wiki nzima yakilowesha mguu wa tuta, upande wa chini pakavu. Una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kuinua uso wa barabara angalau nusu mita juu ya kigingi cha mafuriko na kuweka matundu mengi madogo ya kupitishia maji. Ya pili ni kushusha barabara kwenye sehemu inayofurika, ukajenga drifti ya zege, yaani kivuko ambacho maji yanapita juu yake, na kukubali kwamba siku chache kwa mwaka watu watasubiri.

Kwa maeneo mapana kama yanayolizunguka bonde la Wembere, ambako maji yanakuja yametandaa badala ya kufuata mkondo, mimi napendelea drifti. Kalavati moja kubwa linayakusanya maji yaliyotandaa kuwa mkondo wenye nguvu, nao unachimba. Ukilazimika kuweka makalavati, weka mengi madogo, na chini ya kila bomba toa mfinyanzi ujaze moramu iliyoshindiliwa vizuri, la sivyo kila kalavati litakuwa tuta dogo la kurusha abiria wa bodaboda.

Kamwe usijenge tuta la urefu wa kati: refu kiasi cha kuzuia maji, fupi kiasi cha kuzamishwa nayo.

Hatua ya 5: Upana na mteremko wa pembeni

Hapa ndipo fedha iende. Chukua tuta la upana wa mita 6 juu, urefu wa mita 0.6. Pembeni likiteremka kwa mita 2 za upana kwa kila mita 1 ya kushuka, eneo la mkato ni mita 4.32 za mraba, yaani mita 4,320 za ujazo kwa kilomita. Likilazwa zaidi, 4 kwa 1, ni mita 5,040 za ujazo. Tofauti ni mita 720.

Tofauti hiyo usiijaze moramu. Jenga kiini kwa moramu, mteremko wa 2 kwa 1, kisha lalisha pembeni mpaka 4 kwa 1 kwa udongo mweusi uleule unaotoka kwenye mitaro, ukiwa na unyevu na umeshindiliwa. Utapasuka kiangazi, ndiyo, lakini upasuke huko nje, si begani. Kwa moramu inayolegea kwa mara 1.3 inapochimbwa, na tipa la mita 10 za ujazo, umebaki na safari kama 562 kwa kilomita badala ya 655.

Kuhusu upana, linganisha hivi. Mita 600 za ujazo kwa kilomita zinakupa ama sentimita 10 za unene zaidi kwenye barabara yote, ama nusu mita zaidi ya bega kila upande. Mbugani mimi nachukua bega bila kufikiri mara mbili. Lengo ni magurudumu yapite walau mita moja ndani ya ukingo wa tuta, mbali na ukanda unaopanda na kushuka.

Hatua ya 6: Tabaka na moramu

Kwa tuta hilo la sentimita 60, gawa tabaka nne za milimita 150 zilizoshindiliwa. Mbili za chini ziwe za udongo wenye CBR ya 7 au zaidi baada ya kulowekwa, ya tatu CBR ya 15 au zaidi, ya juu ni moramu ya kutembelewa. Moramu ya Tabora ipo nyingi kwenye miinuko ya miombo, lakini shimo moja halifanani na lingine. Ile isiyo na mfinyanzi wa kushikamana itakuwa vumbi na mistari ya kutetemesha gari. Yenye mfinyanzi mwingi itateleza. Iloweshe kiganjani, ifinye: ikishikana bila kunata kama ugali, ipeleke maabara. Mashimo ya moramu yawe mbali na barabara. Shimo lililo kando ya tuta linakuwa lambo la ng'ombe, na lambo hilo linalowesha tuta mwaka mzima.

Chokaa nayo? Inafanya kazi kweli: inapunguza unyumbufu wa mfinyanzi na kuupa nguvu, na kiasi cha kawaida ni asilimia 4 hadi 6 ya uzito mkavu, baada ya maabara kupima kiasi kinachofikisha pH ya 12.4. Piga hesabu kwanza. Tabaka moja la milimita 150, upana wa mita 6, kwa kilomita ni kama tani 1,440 za udongo. Asilimia 4 yake ni tani 57.6, sawa na mifuko 2,304 ya kilo 25, na chokaa iliyokaa dukani mwaka mzima imeshapoteza nguvu. Itumie kwenye mita chache karibu na daraja au pale ambapo moramu iko mbali mno, na mafundi wavae miwani.

Hatua ya 7: Wakati wa kujenga na jinsi ya kushindilia

Wengi wanajenga Septemba na Oktoba kwa sababu mbuga ni ngumu na mitambo inapita kirahisi. Unapofanya hivyo unafunika nyufa zilizo wazi. Mvua ikija, maji yanazifuata chini ya tuta na udongo unavimba ukiwa umebeba barabara mgongoni. Wakati mzuri ni Mei hadi Julai, mara tu mbuga inapoweza kubeba greda lakini bado ina unyevu ndani. Ukichelewa, mwagia maji kwa boza siku kadhaa mpaka nyufa zifunge, na uwe tayari kwa gharama yake.

Ondoa majani na mizizi, usichimbe zaidi ya hapo. Sawazisha, shindilia udongo mweusi ukiwa na unyevu unaozidi kidogo ule ambao maabara imeona unatoa uzito wa juu, si chini yake. Mfinyanzi uliobanwa sana ukiwa mkavu ndio unaovimba zaidi baadaye, hivyo rola zito kwenye mbuga kavu ni hasara mara mbili. Funika siku hiyohiyo kwa tabaka la kwanza la moramu. Usiache mbuga uchi wikendi nzima juani.

Moramu imwagwe kwa unene usiozidi milimita 200, ishindiliwe ibaki 150. Kwa kawaida inadaiwa asilimia 93 hadi 95 ya uzito mkavu wa juu wa maabara; pima kwa mbinu ya mchanga (unachimba kishimo, unapima uzito wa kilichotoka, unajaza mchanga kupata ujazo wake), na pima begani pia. Rola za wakandarasi wengi zinaogopa ukingo, kwa hiyo bega, sehemu inayohitaji zaidi, ndilo linalobaki laini. Njia ya kuzuia hilo ni kumwaga tabaka likiwa pana kwa nusu mita zaidi kila upande, kulishindilia lote, kisha kukata ziada na greda. Mgongo wa barabara uwe na mteremko wa asilimia 5 kutoka katikati.

Hatua ya 8: Mitaro, miti na mvua ya kwanza

Mtaro usikae mguuni mwa tuta. Uweke mita tatu hadi nne mbali, zaidi ikiwezekana, uwe mpana na wa kina kidogo, na katikati ya barabara pawe juu ya sakafu ya mtaro kwa angalau mita 0.75. Pasipo na mteremko wa kuyatoa maji, ni heri kutochimba mtaro kabisa kuliko kuchimba mfereji wa maji yaliyolala. Toa vichepusho vya maji kila panapopatikana mahali pa kuyamwagia, na kubaliana mapema na mwenye shamba la mpunga: mara nyingi anayataka hayo maji, ila anataka kuulizwa.

Mikaratusi inayopandwa kando kwa ajili ya kivuli inanyonya unyevu wa udongo na kuusinyaza upande mmoja. Iache umbali usiopungua urefu wake ikiwa imekomaa.

Msimu wa kwanza wa mvua, pita kila baada ya mvua kubwa. Angalia bega kuliko katikati: ufa wowote unaofuata urefu wa barabara uchokonolewe, ujazwe moramu yenye unyevu na kupigwa kwa kishindilio cha mkono. Rudia Oktoba, kabla mvua hazijarudi. Na dereva wa greda la matengenezo apewe maelekezo kwa maandishi kwamba asikwangue mguu wa tuta kutafuta udongo wa kujazia mashimo ya katikati. Akihitaji udongo, tipa moja la moramu lililolundikwa kila mita mia mbili, nje ya mtaro, linamtosha.